Mbeleko ya Mashine: Namna ya Kuupumzisha Mkono Unapotafuta Dhahabu kwa Ditekta

Siku ya tatu ya safari yangu ya kwanza Chunya nilishindwa kunyanyua kikombe cha chai. Vidole vilikishika vizuri, ila kilipofika usawa wa kidevu mkono ukaanza kutetemeka, chai ikamwagikia suruali. Mama ntilie akaniangalia kwa huruma: "Baba, una homa?" Homa sikuwa nayo. Nilikuwa nimeshinda siku tatu nikifagia ardhi kwa ditekta ya kutafutia dhahabu, kuanzia alfajiri hadi jua la utosi, na mkono wa kulia ulikuwa umegoma.

Naishi Kwa Mathias, Kibaha, na huku kwetu hakuna dhahabu. Uwanjani kwangu ditekta hulilia visoda, misumari ya mabati na betri kongwe za redio. Hata ukienda upande wa Kisarawe, vilima vya Pugu vinasifika kwa kaolini, ule udongo mweupe, na kaolini haiamshi mashine yoyote. Lakini Kwa Mathias ndipo ninapojiandaa. Barabara ya Morogoro inapita mlangoni, mabasi ya Mbeya ninayopanda kwenda Chunya yanapita humo, na kando yake wapo fundi cherehani, fundi baiskeli na wauza vyuma. Karibu kila nilichokitengeneza ili kuupumzisha mkono kimetoka kwao. Makala hii ni ya ndugu zangu wenye mashine tayari, au wanaojiandaa kununua, ambao mkono umeshaanza kuwasema.

Kwanza tuelewane kwa nini kuupumzisha mkono ni jambo zito kuliko starehe. Ukifagia mara moja kila sekunde mbili, hiyo ni mifagio 30 kwa dakika, 1,800 kwa saa, 9,000 kwa saa tano. Hakuna mkono unaofanya kitu mara 9,000 bila kudai haki yake. Na mkono uliochoka hufagia kama bembea: katikati koili, ile sahani ya mbele ya mashine, iko chini, pembeni iko juu. Nguvu ya ditekta hupungua upesi sana koili inapoachana na ardhi, na vipande vingi tunavyovitafuta ni vidogo mno, vya uzito wa pointi mbili tatu tu. Koili ikipanda urefu wa vidole vitatu, kipande hicho umekiruka. Utarudi kambini umechoka na hujapata kitu, useme eneo halina mali, kumbe mali imebaki chini ya nyayo zako.

Kama unadhani natia chumvi, jaribu nyumbani. Chukua chubwi, ile risasi ndogo ya wavuvi wa mshipi, uifukie kwenye mchanga kwenye kina ambacho mashine yako inaisikia kwa taabu. Weka alama. Pita juu yake ukiwa na nguvu zako, halafu fagia uwanja kwa saa nzima, urudi upite tena bila kujikaza. Mimi mara ya kwanza nilipita juu ya chubwi langu mara nne, mashine kimya.

Pima kwanza, ununue baadaye

Tukisikia mashine ni nzito, wengi wetu tunakimbilia kuuliza kilo. Watengenezaji nao wanalijua hilo. Minelab, kampuni ya Australia, ilipoitoa GPZ 7000 mwaka 2015 mashine ilikuwa na uzito wa kilo 3.32, GPX 6000 iliyokuja mwaka 2021 ina kilo 2.1. Tofauti hiyo ni zaidi ya kilo nzima, na mwenye fedha hahitaji ushauri wangu. Lakini wengi wetu tuna mashine za mkono wa pili au wa tatu, na tutakwenda nazo hivyo hivyo.

Kinachouchosha mkono ni mahali kilo zilipokaa, kuliko hata hesabu ya kilo zenyewe. Chukua mfuko wa sukari wa kilo moja. Ubane kifuani, utaweza kupiga nao soga nusu saa. Unyooshe mkono mbele ukiwa umeushika, hutamaliza dakika tatu. Sukari ni ile ile. Kwenye ditekta kiwiko chako ndicho kitako cha mzani, na kila gramu hulipiwa kwa umbali wake kutoka hapo. Gramu 100 zilizoko kwenye koili, sentimita 120 mbele ya kiwiko, zinaulemea mkono sawa na gramu 400 zilizoko sentimita 30 mbele yake. Kwa hiyo anza kupunguza kule mwisho kabisa, kwenye koili, kisha urudi nyuma.

Kipimo chenyewe ni rahisi. Azima mizani ya kuning'iniza, ile ndogo ya kupimia samaki. Laza ditekta, sehemu ya kuegemeza mkono iwe juu ya kiti, na upande wa koili uning'inie kwenye ndoano ya mizani kwa kamba, bomba likiwa limelala sawa. Unachosoma hapo ndicho ninachokiita uzito wa mkono. Yangu ilisoma gramu 1,430, ingawa mashine nzima ilikuwa kilo 2.8. Nikaiandika namba hiyo kwa chaki kwenye ukuta wa baraza, na kila nilipobadilisha kitu nikapima upya na kuandika chini yake.

Marekebisho ya bure

Fungua kava la plastiki lililo chini ya koili. Humo ndani hujikusanya mchanga, majani na tope lililokauka, na kila punje imekaa pale pabaya kuliko pote. Mimi nilikung'uta mchanga uliotosha kujaza kikombe cha kahawa. Safisha, kausha, rudisha kava. Usilitupe, maana koili bila kava itakwaruzwa na mawe hadi ife. Waya wa koili nao uuzungushe kwenye bomba ukaze vizuri, usibembee. Waya unaobembea huongeza kelele za uongo, na kila mzunguko usio na kazi ni uzito mbele. Baada ya hayo mawili ukuta wangu ulisoma 1,340. Sikuwa nimetoa hata shilingi.

Kisha urefu wa bomba. Simama wima, legeza mabega, mkono ushuke karibu kunyooka, kiwiko kikunjike kidogo tu. Koili ilale sambamba na ardhi nusu hatua mbele ya vidole vya miguu. Watu wengi hurefusha bomba wakidhani watafika mbali zaidi. Wanachopata ni kuusogeza uzito mbali zaidi. Ukilazimika kuinama, bomba ni fupi mno. Ukilazimika kupandisha bega, ni refu mno.

Sehemu ya kuegemeza mkono iwekwe chini kidogo ya kiwiko, isikae juu ya mfupa wenyewe, na mkanda wake ufungwe imara. Mkanda ukilegea, mashine hubinuka mbele na vidole vinalazimika kuikamata kwa nguvu, ndiyo maana maumivu ya wengi huanzia kwenye kifundo cha mkono. Mkanda ukiwa sawa, mshikio unaushika kama unavyoshika kifaranga: asidondoke, asife.

Koili ndogo, na kile unachopoteza

Kwangu hatua ya kwanza ya kutoa fedha ilikuwa koili. Yangu ya zamani ilikuwa na kipenyo cha inchi 14, nikaweka ya inchi 11 na ukuta ukashuka hadi 1,110. Kubadilisha sehemu moja kulipunguza zaidi ya gramu 200 za uzito wa mkono.

Tusidanganyane, kuna gharama. Koili kubwa hufika chini zaidi kwa vipande vikubwa na hufunika ardhi pana kwa mfagio mmoja. Ndogo husikia vizuri zaidi vile vidogo, na hupenya katikati ya visiki na mashina ya nyasi ambako kubwa hugongana na kila kitu. Kwenye mapori ya miombo ya Chunya, ambako dhahabu ya Lupa imetafutwa tangu ilipogunduliwa mwaka 1922, sehemu nyingi zilizo wazi zimeshafagiwa na wengi kabla yangu. Mimi naona afadhali koili inayoingia vichakani kuliko ile inayotisha kwa ukubwa. Kubwa ninaiacha kambini, ninaitoa nikipata uwanda uliosafishwa. Ukinunua, ulizia iliyo na matundu katikati badala ya ile iliyozibwa kama sinia. Mara nyingi huwa nyepesi, na haisukumwi na nyasi.

Hapo mbele usifanye ubunifu wa vyuma. Kipande cha mwisho cha bomba na skrubu inayoshika koili hutengenezwa kwa plastiki au kitu kisicho chuma kwa sababu maalumu: koili husikia chuma chochote kilicho karibu nayo. Nilijaribu kuweka kipande cha mwanzi mkavu nikiamini nimevumbua kitu. Ni kweli ulikuwa mwepesi, lakini ulinesa, koili ikawa inacheza, mashine ikapiga kelele kila nilipogusa jani. Nikairudishia mashine bomba lake. Na usitoboe matundu kwenye bomba ili kulipunguza uzito. Litakuvunjikia ukiwa kilomita nane kutoka barabarani.

Betri ihamie kiunoni

Kama mashine yako inatumia betri za kawaida nane za ukubwa wa AA, zile za alkalaini zina takriban gramu 23 kila moja. Za lithiamu za ukubwa huo huo na volti hiyo hiyo, zisizochajiwa, zina gramu 15 hivi. Hapo umeokoa gramu 60 na kitu, ingawa bei yake inauma. Hakikisha tu kitabu cha mashine kinaziruhusu.

Kama betri yake ni kubwa na inatoka, mahali pake ni kiunoni. Hata watengenezaji walilijua hili zamani: GPX 5000 betri yake hubebwa mgongoni kwenye mikanda, waya unakwenda kwenye mashine. Betri yangu ya gramu 500 ilikuwa sentimita 25 mbele ya kiwiko. Fundi wa redio alinirefushia waya wake, nikaitia kwenye mkoba wa kiunoni, ukuta ukasoma 1,010. Usikubali mtu akuungie betri ya lithiamu kutokana na mabaki ya kompyuta bila kujua volti ya mashine yako na bila kinga ya kuzuia shoti. Betri hizo zikikosewa huwaka, na wewe umezifunga kiunoni.

Wapo wanaoiacha betri kwenye bomba ila wanaisogeza nyuma ya kiwiko. Hilo nalo ni jema. Wanaonikosesha raha ni wale wanaofunga jiwe au risasi nyuma ili kupata mizania. Wazo lao ni la mzegazega: ndoo mbele, ndoo nyuma, bega katikati. Lakini mzegazega una pande mbili zilizo sawa, wakati ditekta ina mkia mfupi. Gramu 300 ukizifunga sentimita 10 nyuma ya kiwiko zinapunguza gramu 25 tu kwenye koili. Umebeba zaidi ya nusu ya pakiti ya unga wa nusu kilo, umepunguziwa uzito wa vijiko viwili vya sukari. Na kila mfagio sasa unalazimika kuuanzisha na kuusimamisha uzito huo mpya. Nyuma peleka kile tu ambacho ulikuwa unakibeba tayari.

Fundi cherehani alivyonifundisha

Nilipofika 1,010 nilidhani nimemaliza. Nikaenda kwa fundi cherehani jirani yangu na begi la shule lililochakaa, nikamwomba anishonee mkanda wa kupita shingoni wa kushikilia mashine. Akanitaka nivae nimwonyeshe. Nikafagia mbele ya kibanda chake, madereva wa bodaboda wakicheka. Akaangalia kidogo, akatikisa kichwa.

"Mzee, shingo itakuuma kabla ya mkono. Wewe unachotaka ni mbeleko."

Alisema kweli. Mama anambeba mtoto wa kilo kumi kutoka sokoni hadi nyumbani, huku anamenya machungwa na kusimulia habari za jana. Mtoto hailemei mikono ya mama. Kanga imeupeleka mzigo mgongoni na nyongani, kwenye misuli mikubwa ya mwili. Fundi akalifumua begi lile. Mikanda miwili ya mabega ikabaki, akaongeza mkanda mpana wa kiunoni uliowekwa sponji, akaunganisha vyote mgongoni. Buku nane, pamoja na uzi.

Kwenye mkanda wa bega la kulia, mbele, akashona kitanzi cha utepe, kisicho cha chuma. Hapo ninafunga mpira wa baiskeli, ule ule wa kufungia mizigo kwenye keria: tyubu kuukuu iliyopasuliwa vipande vya upana wa vidole viwili. Ncha nyingine inashika bomba mbele kidogo ya mshikio kwa kifungo cha plastiki cha begi. Urefu wake ndio siri. Simama wima, uulegeze mkono: koili ikigonga chini mpira ni mrefu, ikipanda hadi kwenye goti ni mfupi. Unatakiwa uone koili inaelea kimo cha vidole viwili juu ya mchanga. Kuanzia hapo mkono unabeba kidogo tu, kazi yake kubwa ni kuongoza.

Siku hiyo kijana wa bodaboda ndiye aliyenishikia mizani mbele ya koili nikiwa nimevaa mikanda. "Mia nne na hamsini, mzee." Nikamwambia arudie. Ikasoma vile vile.

Nikachukua chaki, nikapiga na hesabu nyingine. Mikanda, sponji na mpira vilikuwa na gramu 400. Ukijumlisha kila kitu, betri ya kiunoni ikiwemo, mzigo wote mwilini mwangu ulikuwa gramu 2,880. Nilianza na 2,800. Kwa hiyo, baada ya jitihada zote hizo, nilikuwa nimeongeza gramu 80, na mkono ulikuwa umebaki na chini ya theluthi moja ya kazi yake ya zamani. Ndugu msomaji, ukikumbuka jambo moja kutoka makala hii, likumbuke hilo.

Tahadhari chache. Kifungo kiwe cha kufunguka kwa mkono mmoja, maana utakifungua kila unapotaka kuchimba, na kwenye maeneo yenye maduara (mashimo ya wachimbaji) yaliyotelekezwa ukiteleza hutaki mashine ikufuate shimoni. Mpira wa tyubu huoza kwa jua. Ukaguliwe kila safari na wa akiba uwe mfukoni. Sururu ndogo ining'inie upande wa pili wa mwili, mbali na koili, la sivyo utajisikia mwenyewe siku nzima ukidhani umepata.

Mwili nao ni sehemu ya mashine

Anayejua kutumia fyekeo anajua kufagia kwa ditekta. Mfyekaji mzuri nguvu yake inatoka kiunoni, mkono unafuata. Mfyekaji mgeni anafyeka kwa bega, saa nne asubuhi yuko chini ya mti. Geuza kiuno taratibu, miguu iachane kidogo, mfagio usizidi mita moja hivi. Pembeni kabisa ndipo mkono unapolemewa na ndipo koili inaponyanyuka, kwa hiyo mfagio mwembamba unaoikaribia ardhi una faida kuliko mpana unaopaa.

Badili mkono kabla haujaomba. Wa kushoto utakuwa mjinga siku mbili za kwanza, kisha utazoea. Mimi hupumzika dakika tano kila nusu saa, nakunja na kukunjua vidole, nakunywa maji. Ukiona ganzi kwenye vidole, au maumivu ya kiwiko yanayoendelea hata usiku ukiwa umelala, hapo mikanda na mpira haviwezi kukusaidia. Acha kufagia, nenda hospitali. Sisi wa Kibaha tuna Tumbi hapa jirani.

Kuna kitu kimoja kisicho na uzito ambacho lazima ukibebe, nacho ni ruhusa. Dhahabu inatafutwa chini ya Sheria ya Madini ya 2010, na maeneo mengi yana wenye leseni zao. Pata kibali cha mwenye eneo kwa maandishi na uulize ofisi ya madini ya mkoa kabla ya kuwasha mashine. Nasema hivi kwa sababu kila ninapofanya mazoezi uwanjani majirani hunifuata kwa sauti ya chini wakitaka twende tukachimbe rupia alizoficha Mjerumani. Huwa nawajibu kwamba vitu vya kale navyo vina sheria yake, ya mwaka 1964, na kwamba anayekuuzia ramani ya hazina angekuwa na uhakika nayo angechimba mwenyewe.

Kwa hiyo usianze na duka. Anza na kiti, kamba na mizani ya samaki. Kung'uta mchanga, rekebisha urefu, kaza mkanda wa mkono, kisha pima. Hamisha betri, pima. Mshonee mashine mbeleko, pima. Ukifika hapo na mkono bado unalia, ndipo utoe fedha kwa koili ndogo au mashine nyepesi, nawe utakuwa unajua unanunua gramu ngapi na zinatoka wapi.

Namba zangu tano bado ziko ukutani, barazani. Mke wangu amepaka rangi nyumba nzima mara mbili tangu wakati huo, na mara zote mbili amepazunguka.